Kufungua Injini ya Pikipiki ya Zamani

Katika sura zilizotangulia umejifunza habari za mashine rahisi, yaani wenzo, roda, parafujo, na gurudumu na ekseli. Umejifunza pia kwamba vitu hutanuka vipatapo joto, na kwamba vitu viwili vikisuguana hulika na kutoa joto. Katika sura hii utaona mambo hayo yote yakifanya kazi pamoja ndani ya chombo kimoja unachokiona barabarani kila siku. Chombo hicho ni pikipiki.

Ukimaliza sura hii utaweza:
(a) kueleza jinsi injini ya pikipiki ifanyavyo kazi;
(b) kutaja sehemu kuu za injini na kazi ya kila moja;
(c) kueleza jinsi fundi anavyofungua injini kwa utaratibu;
(d) kutambua chanzo cha ubovu kwa kuchunguza sehemu zilizolika.

1. Pikipiki katika Milima ya Upare

Mji wa Same uko mkoani Kilimanjaro, kando ya barabara kuu iendayo Moshi. Mji huo umejengwa mahali pa tambarare, mita kati ya 850 na 900 juu ya usawa wa bahari. Kusini-mashariki mwa mji inainuka Milima ya Upare Kusini. Kilele chake kirefu kuliko vyote ni Shengena, chenye urefu wa mita zipatazo 2,460.

Pepo zenye unyevu zitokazo Bahari ya Hindi hupanda milima hiyo, hupoa, na kunyesha mvua. Zikifika upande wa pili huwa zimekwisha kupoteza maji mengi. Ndiyo sababu milimani kuna misitu na mashamba ya migomba, kahawa na tangawizi, ilhali tambarare ya Same ni kavu na ina vumbi jingi wakati wa kiangazi.

Barabara nyingi za milimani ni za udongo. Ni nyembamba, zina kona kali na miinuko mikubwa. Mahali ambapo gari hupita kwa shida, pikipiki hupita. Pikipiki hubeba tangawizi kutoka Mamba Miamba, barua, dawa, na hata mgonjwa anayekimbizwa hospitali. Kwa hiyo pikipiki ikiharibika, si mwenyewe peke yake anayepata hasara.

Watu wetu walikipa chombo hiki jina kwa kuufuata mlio wake. Wengine walisikia "tuku-tuku-tuku", wakakiita tukutuku. Wengine walisikia "piki-piki-piki", na jina hilo ndilo lililoenea zaidi. Je, mlio huo hutoka wapi? Ili tujue, yatupasa tuifungue injini.

2. Injini ni nini?

Injini ni mashine inayogeuza nguvu iliyomo katika petroli kuwa mwendo. Petroli huchomwa ndani ya injini yenyewe. Petroli ikiungua, hewa iliyomo hupata joto kali, hutanuka kwa ghafula, na kusukuma kipande cha chuma kiitwacho pistoni. Mwendo wa pistoni ndio unaozungusha gurudumu.

Pistoni hukaa ndani ya bomba imara liitwalo silinda. Humo hupanda na kushuka kama mchi ndani ya kinu chembamba.

Kubana na kusukuma hewa si jambo geni katika nchi yetu. Zamani Wapare walikuwa wahunzi mashuhuri. Ukoo wa Washana wa Ugweno, katika Upare Kaskazini, ulisifika kwa kazi ya chuma, na Wachaga walinunua chuma kutoka Upare. Mhunzi hupuliza moto wake kwa mivukuto. Akiinua mvukuto, hewa huingia. Akiukandamiza, hewa hutoka kwa nguvu na kuchochea makaa. Injini nayo huvuta hewa na kuisukuma. Tofauti ni kwamba katika injini moto umo ndani.

*Jaribio la 1: Kubana hewa*

Vifaa: pampu ya baiskeli.

Njia: Vuta mpini wa pampu mpaka mwisho. Ziba tundu la pampu kwa kidole gumba. Sukuma mpini kwa nguvu, kisha uachie. Rudia mara kumi kwa haraka. Halafu gusa sehemu ya chini ya pampu.

Je, mpini ulifanya nini ulipouachia? Sehemu ya chini ya pampu ina baridi au ina joto?

Utaona kwamba hewa iliyobanwa huusukuma mpini urudi, na kwamba pampu imepata joto. Sasa achia kidole kidogo ili hewa ipenye, usukume tena. Mara hii mpini haurudi. Hewa inayovuja haina nguvu. Likumbuke neno hili, maana litatusaidia mbele.

3. Hatua nne za kazi

Mwaka 1876 Nikolaus Otto wa Ujerumani alitengeneza injini iliyofanya kazi kwa hatua nne. Mwaka 1885 Wajerumani wengine wawili, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach, walitia injini ndogo ya namna hiyo katika chombo cha mbao chenye magurudumu. Chombo hicho ndicho babu wa pikipiki za leo. Hatua zenyewe ni hizi:

Hatua ya kwanza ni kuvuta. Pistoni hushuka. Valvu ya kuingiza hufunguka, na mchanganyiko wa hewa na petroli huingia ndani ya silinda.

Hatua ya pili ni kubana. Valvu zote mbili hufungwa. Pistoni hupanda na kuubana mchanganyiko katika nafasi ndogo iliyo juu yake.

Hatua ya tatu ni kuwaka. Plagi hutoa cheche. Mchanganyiko huwaka, hutanuka, na kuisukuma pistoni chini kwa nguvu. Hii ndiyo hatua pekee inayoleta nguvu.

Hatua ya nne ni kutoa. Valvu ya kutolea hufunguka. Pistoni hupanda na kuusukuma moshi nje kupitia ekzosi. Moshi unapotoka kwa kishindo ndipo tunaposikia ule mlio wa "piki-piki".

Valvu ni mlango mdogo wa chuma. Wakulima wa Upare wanalielewa vizuri jambo la kufungua na kufunga kwa wakati wake. Tangu zamani huyakusanya maji ya kijito usiku katika bwawa liitwalo ndiva, na asubuhi huzibua mlango wake ili maji yaende mashambani. Mlango ukivuja usiku kucha, asubuhi ndiva haina maji ya kutosha. Vivyo hivyo, valvu ikivuja wakati wa kubana, injini haina nguvu.

Konrodi huunganisha pistoni na krankishafti, na kwa njia hiyo mwendo wa kupanda na kushuka hugeuka kuwa mwendo wa kuzunguka. Krankishafti huzunguka mara mbili kwa kila hatua nne. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, huzunguka mara 50 kwa sekunde. Kwa hiyo plagi inahitajika kuwasha mchanganyiko mara 25 katika kila sekunde. Piga makofi mara 25 katika sekunde moja, uone kama utaweza!

4. Mfano wetu: injini ya Honda CG 125

Kampuni ya Honda ya Japani ilianza kuuza pikipiki ya CG 125 mwaka 1976. Ilikusudiwa nchi ambako barabara ni mbaya na mafundi hawana zana nyingi. Muundo wa injini yake ni rahisi na imara. Baadaye viwanda vingi vya China viliufuata muundo huo, na pikipiki nyingi zinazobeba abiria katika nchi yetu zina injini za aina hiyo. Anayeifahamu injini ya zamani ya CG amekwisha kuzifahamu nusu ya injini za kijiweni.

Tarakimu 125 zina maana gani? Upana wa silinda ya injini hii ni milimita 56.5. Duara la upana huo lina eneo la sentimita za mraba zipatazo 25. Pistoni hupanda na kushuka milimita 49.5, yaani karibu sentimita 5. Zidisha:

25 × 5 = 125

Basi kila pistoni ishukapo, huvuta karibu sentimita za ujazo 125. Kiasi hicho ni kama nusu ya kikombe cha chai.

Tuseme wanafunzi wa Darasa la Tano wamekwenda kumtembelea fundi katika karakana yake mjini Same. Mwalimu mmoja mstaafu wa Mbaga ameleta pikipiki yake ya CG 125. Zamani aliitumia kwenda kukagua shule za milimani. Tangu hapo imekaa stoo kwa miaka mingi, naye anataka itengenezwe iende tena.

"Shikamoo, fundi," wanafunzi walisema.

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Leo msishike spana kwanza. Shikeni kalamu."

5. Kuchunguza kabla ya kufungua

Fundi mzuri haanzi na spana. Huanza kwa kuuliza, kutazama na kupima.

Fundi alimwuliza mwenye pikipiki, "Mwalimu, kabla haijasimama ilikuwa na dalili gani?"

"Ilikuwa ikitoa moshi wa buluu," alijibu mzee. "Na mlimani ilikuwa haipandi tena. Nikifika mwinuko wa kwanza, abiria ilimpasa ashuke atembee."

Fundi alifungua plagi na kumimina oili kidogo silindani ili pistoni iliyokaa siku nyingi isikwaruze. Akazungusha injini polepole kwa mkono mpaka ikawa nyepesi, na oili ile ikasambaa na kuondoka. Kisha akarudisha plagi na kusukuma kiki kwa mkono. Kiki ilishuka kwa urahisi mno. Injini nzima ingempinga wakati wa hatua ya kubana, kama pampu ilivyokupinga katika Jaribio la 1. Maana yake ni kwamba hewa inavuja.

Je, inavuja wapi? Inaweza kuvuja juu, penye valvu, au chini, kati ya pistoni na silinda. Fundi alitoa plagi tena, akamimina oili kijiko kimoja cha chai, akairudisha plagi na kusukuma kiki mara moja. Safari hii kiki ilikuwa nzito.

"Nani atanieleza?" aliuliza fundi.

Msichana mmoja alinyosha mkono. "Oili imeziba mahali panapovuja. Na oili imekaa juu ya pistoni, haikufika kwenye valvu. Basi panapovuja ni pembeni mwa pistoni."

"Umesema vyema," alisema fundi. "Sasa tunafungua tukijua tunachokitafuta."

6. Hadhari

Petroli ni hatari. Mvuke wake hauonekani, ni mzito kuliko hewa, na hutambaa chini mpaka ukakutana na moto. Kwa hiyo:

1. Usikaribie injini inayofunguliwa ukiwa na kibatari, jiko la mkaa au kiberiti.
2. Fundi hufanya kazi mahali penye hewa, injini ikiwa imepoa.
3. Kamwe usivute petroli kwa mdomo. Ni sumu.
4. Usipulize vumbi la breki wala la gasketi za zamani. Huenda lina asbesto, ambayo hudhuru mapafu. Fundi hulilowesha kwanza, kisha hulifuta kwa kitambaa.
5. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Mwanafunzi asifungue injini peke yake. Atazame, asaidie kupanga vipande, na aandike.

7. Kufungua injini kwa utaratibu

Vifaa: spana, spana za boksi, bisibisi, koleo, pula ya kung'olea magneto, beseni, mafuta ya taa ya kuoshea, vitambaa safi, kipande cha boksi la karatasi, penseli na daftari.

*Hatua ya 1.* Osha injini kwa nje. Vumbi lililo nje lisiingie ndani.

*Hatua ya 2.* Funga koki na uondoe tangi la petroli. Kisha mwaga oili katika chombo. Tazama rangi yake. Oili ya pikipiki hii ilikuwa nyeusi na nzito kama lami. Fundi aliisugua kati ya vidole, akahisi chembechembe ndani yake.

*Hatua ya 3.* Ondoa kabureta, kichujio cha hewa, ekzosi na nyaya. Kila waya ufungiwe karatasi yenye namba. Halafu fungua bolti zinazoishikilia injini, na uiweke juu ya meza.

*Hatua ya 4.* Fungua mfuniko wa juu. Chini yake utaona vikono viwili vya chuma. Kila kikono ni wenzo wenye egemeo katikati. Fimbo nyembamba ya chuma husukuma upande mmoja kutoka chini, na upande wa pili huibonyeza valvu ifunguke. Toa fimbo zote mbili, uziandike "ya kuingiza" na "ya kutolea". Zimelika kila moja kwa namna yake, hivyo kila moja lazima irudi mahali pake.

*Hatua ya 5.* Legeza nati nne za kichwa cha silinda. Usimalize kufungua nati moja kabla ya nyingine. Legeza kila moja kidogo, ukienda kutoka pembe moja hadi pembe inayoikabili. Ukimaliza upande mmoja kwanza, kichwa huweza kupinda, na hewa itavuja milele.

Nati moja ilikataa kufunguka. Mvulana mmoja alitaka kuipiga nyundo. Fundi alimzuia. Akatia mafuta ya kulegeza kutu, akasubiri, kisha akachukua spana ndefu zaidi. Spana ni wenzo. Ukisukuma mwisho wa spana yenye urefu wa sentimita 30, utatumia nusu ya jitihada ambayo ungetumia kwa spana ya sentimita 15. Nati ililegea bila kelele.

*Hatua ya 6.* Inua kichwa, kisha inua silinda polepole huku mtu mwingine akiishika pistoni isigonge. Ziba tundu lililo chini kwa kitambaa safi, kwa sababu kitu kidogo kikianguka humo itabidi injini yote ipasuliwe.

*Hatua ya 7.* Toa kipete cha waya kinachozuia pini ya pistoni, sukuma pini, na uitoe pistoni. Tazama mshale ulio juu ya pistoni, au alama nyingine, uandike unaelekea upande gani.

*Hatua ya 8.* Kama beringi za krankishafti zina mchezo au gia zimeharibika, fundi huendelea. Hung'oa magneto kwa pula, hufungua klachi, na kuitenganisha kasha la injini katika nusu mbili. Kama hizo ni nzima, huishia hapa. Kufungua kisichohitaji kufunguliwa ni kuongeza kazi na makosa.

Vipande huwekwaje? Fundi alichora umbo la kila mfuniko juu ya kipande cha boksi, akatoboa matundu mahali pa bolti, na kila bolti ikachomekwa katika tundu lake. Bolti fupi haikuweza kuchanganyika na ndefu. Sehemu nyingine zilipangwa juu ya kitambaa kwa kufuata utaratibu wa kufunguliwa, kutoka kushoto kwenda kulia. Wakati wa kufunga utaanza kulia na kurudi kushoto. Kitambaa hicho ni kama ukurasa wa kitabu. Ukikivuruga, huwezi kukisoma tena.

8. Vipande vinasema nini?

Sasa injini ilikuwa imelala mezani ikiwa vipande. Fundi aliwaita wanafunzi wasogee.

*Valvu.* Zilikuwa na masizi meusi, lakini midomo yake ilikaa vizuri. Fundi aliigeuza kichwa chini juu, akamimina mafuta ya taa juu ya valvu zilizofungwa, akasubiri. Hakuna tone lililopita. Valvu zilikuwa nzima.

*Ringi.* Pistoni huvaa ringi za chuma katika mifereji yake. Ringi huziba nafasi kati ya pistoni na silinda, na hupangusa oili. Nafasi hiyo katika injini mpya ni nyembamba kuliko unywele wako. Fundi alitoa ringi moja, akaiweka peke yake ndani ya silinda, na kupima mwanya ulio kati ya ncha zake mbili. Katika ringi mpya mwanya huo ni sehemu ndogo tu ya milimita. Katika ringi hii ulifika milimita moja nzima. Hewa ilikuwa ikivuja hapo kwenda chini, na oili ilikuwa ikipanda juu na kuungua. Moshi wa buluu ulitoka hapo.

*Silinda.* Fundi aliielekeza silinda kwenye mwanga. Wanafunzi waliona mistari mingi iliyosimama wima, kama mikwaruzo ya msasa. Msichana aliyejibu kwanza aliipitisha kucha yake, nayo ikakwama.

"Ni kitu gani kinachoweza kukwaruza chuma kigumu namna hii?" aliuliza.

Fundi hakujibu. Alinyosha mkono, akachukua sanduku la kichujio cha hewa na kulifungua. Ndani hamkuwa na kichujio. Palikuwa na vumbi jekundu tu, limeganda pembeni.

Mzee alitikisa kichwa. "Ilikuwa miaka ya mwanzo ya 1980," alisema. "Vipuri vilikuwa adimu nchini. Kichujio kiliraruka, nikakitupa. Nilidhani hewa ni hewa tu."

Hewa ya barabarani si hewa tu. Vumbi lina chembe za mchanga, na chembe hizo ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Kila pistoni iliposhuka ilivuta vumbi. Vumbi likachanganyika na oili, na oili iliyopaswa kulainisha ikawa dawa ya kusagia chuma.

*Jaribio la 2: Oili na vumbi*

Vifaa: vipande viwili vya kioo vyenye kingo zilizofunikwa kwa utepe, oili kidogo, mchanga mkavu kidogo. Mwalimu ashike vioo.

Njia: Mwalimu asugue vioo vikiwa vikavu. Halafu atie tone la oili, asugue tena. Mwisho anyunyize mchanga juu ya oili, asugue mara ya tatu. Avifute na kuvielekeza kwenye mwanga.

Ni mara ipi vioo viliteleza kwa urahisi? Ni mara ipi vilipata mikwaruzo? Andika matokeo katika daftari lako.

9. Joto mlimani

Pembeni mwa pistoni fundi aliwaonyesha pia mahali palipong'aa na kuparuzika. Hiyo ni alama ya joto.

Katika petroli yote inayoungua, kama robo tu ya nguvu yake huzungusha gurudumu. Sehemu kubwa iliyobaki huwa joto. Silinda ya CG ina mapezi ya chuma kwa nje ili upepo uipoze. Pikipiki inapopanda Mbaga kwa gia ya kwanza ikiwa na mzigo, injini hufanya kazi nyingi lakini upepo ni mchache, kwa kuwa mwendo ni mdogo.

Pistoni imetengenezwa kwa alumini, na ukuta wa silinda ni wa chuma. Alumini hutanuka kama mara mbili ya chuma kwa joto lilelile. Kwa hiyo injini ikipata joto mno, pistoni hutanuka kuliko silinda, nafasi kati yao huisha, na pistoni hukwama. Oili ikiwa pungufu au imechoka, jambo hilo hutokea upesi zaidi. Dereva mwenye hekima hupumzisha pikipiki katika mwinuko mrefu, na hupima oili kabla ya safari.

10. Kufunga tena

Injini haifi yote kwa pamoja. Katika vipande vyote vilivyokuwa mezani, vilivyokuwa vibovu kabisa vilikuwa pistoni, ringi, silinda na gasketi. Silinda ilipelekwa kwa mkereza vyuma ikapanuliwa kidogo mpaka mikwaruzo ikaisha. Ikanunuliwa pistoni iliyo pana kuliko ya kwanza kwa kiasi hichohicho, pamoja na ringi zake. Pistoni za namna hiyo huuzwa kwa vipimo maalumu, kwa mfano milimita 0.25 au 0.50 zaidi.

Kila kipande kilioshwa, kikakaushwa na kupakwa oili safi. Gasketi zote zilikuwa mpya. Fundi alifunga akifuata kitambaa chake kutoka kulia kwenda kushoto, na nati nne za kichwa zikakazwa kidogokidogo kwa kukabiliana, kama zilivyofunguliwa. Mwisho, kabla ya kuwasha, alitia kichujio kipya cha hewa.

Oili chafu haikumwagwa chini. Oili kidogo huweza kuharibu maji mengi, na maji ya mfereji mmoja huenda katika mashamba ya watu wengi. Fundi aliitia katika dumu na kulifunga, ili ipelekwe kwa wanaokusanya oili chakavu.

Injini iliwaka kwa kiki ya nne. Mara ya kwanza moshi ulitoka, kwa sababu ya oili iliyopakwa ndani. Kisha ekzosi ikawa safi.

"Mwalimu," fundi alimwambia mzee, "kilomita 500 za mwanzo nenda polepole, ringi zizoeane na silinda. Kisha mwaga oili, utie nyingine."

"Na kichujio?" aliuliza msichana.

"Kichujio kisafishwe kila mara wakati wa kiangazi," fundi alijibu. "Bei yake ni ndogo sana kuliko ya pistoni. Lakini ndicho kilichoiua injini hii kwa kutokuwapo."

Muhtasari

Injini hugeuza nguvu ya petroli kuwa mwendo kwa hatua nne: kuvuta, kubana, kuwaka na kutoa. Ringi na valvu huzuia hewa isivuje. Oili hupunguza msuguano, na kichujio huzuia vumbi. Fundi huchunguza kabla ya kufungua, hufungua kwa utaratibu, na huvisoma vipande ili ajue chanzo cha ubovu. Asiyeondoa chanzo atabadilisha pistoni leo, na mwakani ataibadilisha tena.

Maneno mapya

*egemeo*: mahali wenzo unapojishikiza.
*gasketi*: kipande chembamba kinachowekwa kati ya sehemu mbili ili zisivuje.
*kereza*: kuchonga chuma au mti kwa mashine izungukayo.
*konrodi*: mkono unaounganisha pistoni na krankishafti.
*masizi*: unga mweusi uachwao na moshi.
*ndiva*: bwawa la kienyeji la kukusanyia maji ya kumwagilia huko Upare.

Zoezi

1. Taja hatua nne za kazi ya injini. Ni hatua ipi inayoleta nguvu?
2. Krankishafti inazunguka mara 4,800 kwa dakika. Huzunguka mara ngapi kwa sekunde? Mchanganyiko huwashwa mara ngapi kwa sekunde?
3. Fundi alitia oili kijiko kimoja ndani ya silinda, na kiki ikawa nzito. Kama ingebaki nyepesi vilevile, ungemwambia atazame wapi? Toa sababu.
4. Kwa nini nati za kichwa cha silinda hulegezwa kidogokidogo kwa kukabiliana?
5. Taja mashine rahisi mbili ulizoziona katika sura hii, na ueleze kazi ya kila moja.
6. Eleza kwa nini pikipiki yenye mzigo inaweza kukwama pistoni mlimani kuliko tambarare.
7. Dereva mmoja amebadilisha pistoni mara mbili katika mwaka mmoja. Andika maswali matatu ambayo ungemwuliza kabla ya kuifungua injini yake.
8. Kazi ya nje: Pamoja na mwalimu wako, mtembelee fundi wa pikipiki aliye karibu na shule. Mwombe akuonyeshe pistoni au ringi iliyolika. Ichore katika daftari, onyesha mahali palipolika, na uandike unavyodhani palilika kwa sababu gani.